Theluji Iliyoota Vinyweleo

Kilichoanza ni jasho tu. Genpachi aliinua karatasi kutoka kwenye ubao wa kuchapia, akaipeleka kwenye mwanga wa mlangoni, akaona theluji ya mlima imetoka jasho.

Wala si rangi iliyovuja. Bluu ya angani ilikaa vizuri, msitu ulikaa vizuri, na mapaa ya mji wa Edo kule chini yalikaa vizuri. Sasa theluji ya mlima Fuji haipigwi rangi, kila mtoto wa mtaa wa wachapaji anajua hilo. Theluji ni karatasi yenyewe, imeachwa wazi. Na pale pale palipoachwa wazi ndipo palipotoka vitone, vidogo vidogo, kama vya puani mwa mtu anayekunywa supu ya moto. Genpachi akavifuta kwa kidole. Akanusa kidole. Akakunja uso.

"Shige! Umeweka nini kwenye gundi?"

"Kwenye gundi nimeweka gundi," mkewe akajibu kutoka jikoni, mtoto kamng'ang'ania ziwa. "Na shabu. Ulitaka niweke asali?"

"Karatasi inanuka kwapa."

"Basi nenda kaoge."

Oshige alikuwa hivyo, mdomo mbele, na kwa mdomo mimi simlaumu. Namlaumu kwa lile lingine. Ila ili mlielewe hilo lingine lazima niwarudishe kwenye ugomvi, maana pepo huyu hakuja na upepo. Alifunguliwa mlango, tena na mtu wa humo humo ndani.

Nyumba ile ilikuwa ya bibi mmoja mjane, Omaki, macho yamemfunga ukungu siku nyingi, haoni hata moto. Alikuwa na wanawe wawili, wote wachapaji wa picha. Mkubwa Tomezo, hajaoa. Mdogo Genpachi, ndiye mume wa Oshige, na wana mtoto wa kike bado ananyonya, jina lake Omitsu. Pale mtaani walikuwa na chama cha mlima, kama mitaa yote. Wote wanachangia, halafu kila kiangazi wanapiga kura, watatu wanapanda mlima kwa niaba ya waliobaki. Mwaka ule kura ikamwangukia Genpachi.

"Ataenda Tomezo," Omaki akasema.

"Mama, kura imeniangukia mimi."

"Kura haina macho. Na mimi sina, lakini mimi nina akili. Mkubwa hajapanda, mdogo apande? Watu watasema nini?"

"Watasema kura ni ya Genpachi," Oshige akachomekea.

"Wewe nimekuuliza?"

Tomezo mwenyewe alicheka tu, mtu mpole yule, akasema, "Shemeji usinune, nitakuletea maji ya mlimani." Akaenda na kura ya mdogo wake. Oshige kwa siku tano nzima akawa anatua mabakuli kwa kishindo mbele ya mama mkwe.

Na alichokuwa anakililia si safari, ni kanzu. Wapanda mlima wanavaa kanzu nyeupe ya katani, na kila kituo wanachofika juu huko wanagongewa muhuri mwekundu, mpaka mgongo wote unajaa. Kanzu ile haifuliwi tena. Mtu anaitunza mpaka siku yake ikifika, anavalishwa, anazikwa nayo, na huko aendako wanaiona ile mihuri wanampisha. Oshige aliitaka iwe ya mumewe.

Tomezo alirudi kabebwa. Alikunywa maji mabaya njiani, tumbo likamwendesha, siku tatu akawa hana hata cha kutapika, ya nne alfajiri akafa. Omaki alikaa kichwani pake akimpapasa shingo. Chini ya sikio la kushoto Tomezo alikuwa na chunjua jeusi lenye nywele tatu, na tangu mtoto, akilia, mama yake alikuwa analichezea mpaka alale. Alilichezea na siku ile, mpaka ngozi ikapoa.

"Mvalishe kanzu yake," akamwambia Oshige. "Mwanangu asiende kama mwizi."

"Ndiyo, mama."

Genpachi alikuwa ameenda hekaluni kupanga mazishi. Jirani aliyesaidia kumwagia maiti maji akatoka kutafuta ubani. Oshige akabaki peke yake na shemeji yake aliyelowa, na kanzu imekunjwa pembeni, nyeupe pe, mihuri inang'aa. Akaitazama. Akasema moyoni, kura ilikuwa ya mume wangu. Akaiviringisha kwenye karatasi ya mafuta, akaichomeka nyuma ya mbao za zamani za kalenda, pale ambapo bibi kipofu hana sababu ya kutia mkono. Halafu akachukua nguo kuukuu ya kulalia, ya pamba, ina viraka, akaipaka uji mzito wa wali ule wanaochanganyia rangi, ikakauka ikawa ngumu kama nguo mpya. Akamvalisha hiyo.

Omaki akaja akapapasa bega la mwanawe. Akasikia ule ugumu. Akatikisa kichwa, ameridhika. Wakamkunja magoti, wakamkalisha kwenye pipa, maana kule pipa ndilo jeneza, wakalifunga.

Huko kwao marehemu anangoja siku arobaini na tisa. Siku hizo zote bado yuko yuko, hajaamuliwa. Siku ya arobaini na tisa ndipo anapoondoka, na anaondoka na alichovaa. Likumbukeni hilo.

Siku ya thelathini na tano mwenye duka la picha akaja kuagiza picha mia mbili za mlima asubuhi, wenye theluji, haraka. Karatasi huwezi kuichapa hivi hivi. Kwanza inapakwa maji ya gundi na shabu ili isinywe rangi. Na gundi ni nini? Ni ngozi na mifupa ya ng'ombe imechemshwa, basi. Kazi hiyo ni ya wanawake. Oshige akachemsha chungu, mawingu yanajikusanya, gundi iko tayari, anaanza kuichuja, kitambaa cha kuchujia kikapasuka katikati. Gundi ikipoa imekwenda. Kwa jirani haombi, wameshagombana kwa ajili ya kuku. Akazunguka, akatia mkono nyuma ya zile mbao, akakamata mshono wa begani, akararua.

"Mkono mmoja tu," akajisemea. "Mkono wa kulia tu. Nitaushona."

Akachuja gundi kwenye mkono wa ile kanzu, akaukamua vizuri, na karatasi zote mia mbili akazipaka maji yale.

Basi. Sasa turudi kwenye jasho.

Siku zile mbili za kwanza lilikuwa jasho na harufu, likikauka hulioni. Genpachi alifanya kazi haraka, akachapa mia na ishirini, mwenye duka akazichukua hata rangi haijakauka. Siku ya tatu Genpachi akaanza kusugua karatasi nyingine. Mchapaji ana kile kisugulio chake cha mviringo, kimefunikwa ganda la mwanzi, anakipitisha mgongoni mwa karatasi ili rangi ishike. Akakipitisha mara ya kwanza. Karatasi ikasisimka. Ilitoa vipele, kama ngozi ya mtu aliyeguswa na maji ya baridi.

Akatoa mkono. Akaiinua. Theluji ilikuwa na vinyweleo. Vyembamba, vyeusi, vimelala upande mmoja kama vya mkononi.

"Shige, njoo."

Oshige akaja, akaona, akasema, "Ni nywele za brashi."

"Brashi ni za farasi. Na hizi zimeota. Vuta uone."

Oshige akakamata kinyweleo kimoja, akavuta. Karatasi ikainuka nacho, ikatengeneza kitundu kidogo chenye ukingo, halafu kikang'oka, na shina lake lina kidonge cheupe cha mafuta. Akakitupa, akajifuta vidole kwenye nguo, akajifuta tena.

"Zichome," akanong'ona.

"Za mwenye duka? Unataka nisipewe tena kazi mjini?"

Akaendelea. Alikuwa mtu wa kushika ahadi, na ndicho kilichomponza. Jioni ile ngozi ya ncha za vidole vyake vya kulia ikaanza kubanduka. Haikuuma wala haikutoka damu. Ilitoka tabaka moja, halafu jingine, laini, inalowana, kama karatasi iliyosahauliwa majini, na chini yake hapakuwa na nyama nyekundu, palikuwa peupe tu, pakavu, pamenyooka, na ukikielekeza kidole juani mwanga unapita.

Kesho yake kiganja. Siku ya pili yake kifundo. Na kila jioni ule weupe ulisimama mahali pamoja, ukazunguka mkono wote mstari umenyooka, haupandi wala haushuki, mpaka kesho. Mtaa wakasema ni ugonjwa wa rangi. Mganga wa dawa za mizizi akaja akampaka kitu kinachonuka samaki, akaondoka.

Lakini Oshige alikuwa mshonaji. Alipouosha mkono wa mumewe akaona ule mstari, akaona na kinachofuata pembeni yake, alama ndogo ndogo, moja hapa moja pale, zimepangana kwa umbali ule ule, akajua anatazama nini. Ulikuwa upindo. Mume wake alikuwa anavishwa mkono wa nguo kutokea vidoleni, au anavuliwa, hakujua ni lipi. Akapima kwa vidole vyake, akahesabu siku, na hesabu ikampeleka begani, siku ya arobaini na tisa.

"Unahesabu nini?" Genpachi akamuuliza, jasho limemtoka.

"Siku za arobaini na tisa za kaka yako."

"Mkono hausikii kitu, Shige. Jana nimeushika moto kwa bahati mbaya, nimejua kwa harufu. Mimi bila mkono huu ni nani? Nitauza nini, kichwa?"

"Utapona."

"Nani kakwambia?"

Na mtashangaa kwa nini Oshige hakusema pale pale. Nitawaambia. Mke anayefukuzwa kule anatoka na nguo zake, mtoto anabaki kwa mume. Omitsu alikuwa hajaacha ziwa. Oshige akijua kabisa kwamba akifungua mdomo, mama mkwe atamtoa mlangoni siku ile ile na maziwa yake yakimdondoka kifuani, akanyamaza, akanyamaza siku tisa, mume anaoza karatasi mbele yake naye ananyamaza.

Na zile karatasi themanini zilizobaki zikawa zinazidi. Zilikuwa zimepangwa chini ya ubao mzito, zimewekwa unyevu kama inavyotakiwa, na lile fungu likawa na joto. Ukipitisha mkono karibu unalisikia. Harufu ikatoka kwapa ikawa ya kitanda cha mgonjwa, halafu ikawa ile tamu tamu inayokaa kooni, ambayo ukila wali unaila, ukinywa chai unainywa. Nzi wakajaa, na walikuwa hawatui kwenye samaki wa jikoni, wanatua kwenye ubao. Asubuhi moja Oshige alipoinua karatasi ya juu akakuta imegandana na ya chini yake, na alipozitenganisha zilitoa sauti ile ya mtu anayebandua bandeji kwenye kidonda kibichi, na kati yake pakavutika uzi mrefu wa majimaji ya njano, na theluji ya ile ya chini ilikuwa imevimba na kutulia, imevimba na kutulia, polepole, na akasimama pale ameshika karatasi kwenye ncha za vidole, hathubutu kuiachia wala kuishika, mpaka akatambua kwamba yeye mwenyewe alikuwa anapumua pamoja nayo.

"Lete hapa."

Akageuka. Omaki alikuwa amekaa mlangoni, uso umeelekea dari kama kawaida yake.

"Nini, mama?"

"Hiyo karatasi. Siku kumi mnanong'ona humu ndani mnadhani sisikii. Nimefungwa macho, pua sijafungwa. Lete."

"Mama, imeharibika, ina uchafu…"

"Nimeshika uchafu wako wote tangu uje hapa. Lete!"

Genpachi ndiye aliyempelekea, kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa mweupe mpaka juu ya kiwiko, unaning'inia tu. Omaki akaitandaza mapajani. Akaanza chini, kwenye mapaa, kwa vidole vyake vile vya kipofu, akapanda taratibu kwenye msitu, akaingia kwenye theluji. Akapunguza mwendo. Vinyweleo vikalala chini ya vidole vyake. Akafika karibu na kilele, upande wa kushoto, vidole vikasimama.

Palikuwa na chunjua. Jeusi, lina nywele tatu.

Yule bibi akalizungusha kwa kidole gumba, hivi, kama anavyobembelezwa mtoto. Akalizungusha muda mrefu.

"Huyu ni Tomezo," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililowatisha. "Ana baridi. Genpachi, kwa nini kaka yako yuko uchi?"

"Mama, kaka tumemzika na kanzu yake."

"Sikukuuliza tumemzika na nini. Nimeuliza kwa nini yuko uchi. Oshige."

Oshige akamtazama mumewe, ule mkono wa karatasi. Akamtazama mtoto amelala kwenye kikapu. Akaanguka paji la uso chini.

"Ni mimi, mama. Kanzu iko nyuma ya mbao. Mkono wake mmoja nimechujia gundi."

Genpachi akatoa sauti kama aliyepigwa tumboni. Omaki aliendelea kulichezea lile chunjua.

"Kamwite Kyubei," akasema mwisho. "Leo ni siku ya ngapi?"

"Ya arobaini na nane."

"Basi kimbia."

Mzee Kyubei alikuwa kiongozi wa chama cha mlima. Amepanda mara thelathini na tatu, na watu wakipandwa na mapepo ya mbweha au vitu vya milimani ndiye anayeitwa. Akaja kesho yake asubuhi na mapema na kengele yake. Alifika mlangoni akafunika pua.

"Nani amempunja maiti humu?"

"Mimi," Oshige akasema.

"Basi hii si kazi yangu, ni yako. Mimi nitaomba dua tu. Mkono uliomnyima ndio utakaomvalisha. Leo kabla jua halijazama. Jua likizama hajavaa, ataondoka na mkono wa mumeo, na begani hatasimama. Ule mkono wa kanzu uko wapi?"

Ulikuwa kwenye chungu cha gundi, pale alipouacha. Oshige akafunua. Hebu fikirini kitu kilichochunwa sasa hivi. Ulikuwa laini, vuguvugu, wenye utelezi, umejaa kama una kitu ndani, na mihuri yake myekundu imesambaa ikawa michubuko. Akautoa kwa mikono miwili. Akaukalisha mapajani pamoja na kanzu, akatia uzi kwenye sindano, akachoma tundu la kwanza.

Mkono wa kanzu ukashtuka.

"Endelea," Kyubei akasema, akipiga kengele.

Akashona. Kila sindano inapoingia ule mkono unajivuta, kama mtoto anayechanjwa, na kwenye kila tundu linatoka tone la gundi, na gundi inamtiririkia mapajani, ina moto, na yeye anatapika pembeni anafuta mdomo kwa bega anashona tena, mpaka mshono ukazunguka.

Mchana wakafukua. Mtawa wa hekalu alikubali kwa shingo upande, akasimama mbali upepo unakotokea. Walipofungua kifuniko, wachimbaji wawili walitupa majembe wakakimbia, na sitawaeleza yote kwa sababu kuna wanaokula. Ule uji wa wali Oshige aliopaka nguo ulikuwa umechacha, umeota ukungu wa kijani na mweusi, mrefu, umenasa nguo na maiti pamoja, hujui nguo inaishia wapi. Tomezo alikuwa amekaa magoti kifuani kama walivyomwacha. Ila mkono wa kulia hawakuuacha vile. Ulikuwa umeinuka, umenyooka mbele, kama wa mtu anayengoja kuvishwa, na haukuwa na ngozi kabisa.

"Mvue kwanza," Kyubei akasema.

Akamvua. Ilitoka vipande vipande, na si nguo peke yake iliyotoka. Akamwosha. Mara hii hakuna jirani wa kumwagia maji. Halafu akachukua kanzu, akauingiza ule mkono ulionyooka, na wote waliokuwepo waliona: mkono wa maiti uliingia wenyewe, kwa haraka, kama mtu aliyekuwa na baridi siku nyingi.

"Nisamehe, shemeji," Oshige akasema. "Kura ilikuwa yenu nyote."

Mkono ukashuka. Wakafunga pipa, na jua likiwa bado kidole kimoja juu ya mapaa.

Nyumbani wakamkuta Genpachi amekaa anatazama vidole vyake. Vilikuwa vinamuuma. Analia kwa maumivu na anacheka. Ngozi ilirudi baada ya mwezi, lakini haikurudi na ile mistari ya vidoleni wala ya kiganjani. Nyororo tu, mpaka alipokufa.

Karatasi zikachomwa uani, mbele ya Kyubei. Na Oshige akisimulia, akifika hapa alikuwa anaficha uso. Moto ulipokolea, harufu mbaya yote ikaondoka, ikaja harufu nzuri ya nyama ya kuchoma, mafuta yanadondoka yanalia, na majirani wakachungulia juu ya uzio, "Oyaa, mnachoma nini leo, hata kukaribisha?" Mate yakamjaa Oshige mdomoni. Alipojua kwamba amejaa mate akatapika mpaka nyongo.

"Na zile mia na ishirini?" Kyubei akauliza.

Mwenye duka alikuwa ameshaziuza kwa wasafiri. Watu wa mashamba wanapenda kurudi na mlima, wanawapelekea wazee wao zawadi. Kyubei akapiga kengele mara moja zaidi, akavaa viatu vyake.

"Mama," Genpachi akasema, "karatasi zetu zote zimeingia motoni."

"Nimesikia," Omaki akasema.

Oshige akangoja kufukuzwa. Alikuwa ameshafunga nguo zake, anamnyonyesha Omitsu kwa mara ya mwisho. Omaki akasema, "Fungua hicho kifurushi. Sikufukuzi. Utakaa hapa, utanipikia, utaninawisha, na nikifa utanivalisha. Na utakavyonivalisha ndivyo nitakavyokujua."

Akakaa. Akawa mkwe mwema, haki ya nani, miaka mitatu bila kutua bakuli kwa kishindo. Jambo moja tu lilimshangaza. Bibi alianza kuomba mabakuli mawili ya wali kila mlo. "Uzee unakuja na njaa," alikuwa anasema, naye anaenda kula chumbani kwake, mlango amefunga. Mabakuli yanarudi matupu, yamelambwa. Na bibi mwenyewe anazidi kukonda, mpaka mifupa ya mikono inahesabika.

Mwaka wa tatu, msimu wa mvua, akafa usingizini. Kabla yake alikuwa amesema mara nyingi, "Kilicho kifuani pangu nizikwe nacho."

Oshige akachemsha maji, akafunga mlango, akamfunua kifua.

Ilikuwa pale, imelala juu ya maziwa ya bibi yaliyosinyaa. Karatasi moja. Ile ya mapajani. Ilikuwa imenenepa. Ilikuwa nene kama mto wa kulalia, imejaa, imekunjika mikunjo kama shingo ya mtoto aliyeshiba, na theluji imekuwa ya rangi ya mafuta ya nguruwe. Mapaa ya Edo yamevutika upana wote, bluu ya angani imepasuka michirizi kama tumbo la mzazi. Chunjua lilikuwa kubwa kama kokwa ya tunda, na nywele zake tatu zimekuwa ndefu, zimepakwa mafuta, zimechanwa, zimesukwa. Kwenye ukingo kulikuwa na punje za wali zilizotafunwa, bado zimelowa mate.

Bibi alikuwa wa baridi tangu alfajiri. Karatasi ilikuwa ya moto.

"Shige!" Genpachi akaita nje ya mlango. "Mama ameshavaa?"

Oshige akatazama moto wa jikoni. Akatazama uso wa mama mkwe. Halafu akamvalisha nguo nyeupe, mpya, hakubadilisha hata uzi, akaipakata ile karatasi kwa mikono miwili jinsi anavyopakatwa mtoto, ikamlalia begani kwa uzito, akairudisha kifuani ilipokuwa. Akafunika. Wakamkalisha kwenye pipa.

Genpachi akaja na nyundo kwenye ule mkono wake usio na mistari. Wakaweka kifuniko. Mvua ilikuwa imetulia kidogo, mtaa umenyamaza, na ndani ya pipa, kwenye kifua cha mama yao, kitu kikameza.

Kikasubiri. Kikameza tena, funda kubwa zaidi.

Genpachi akabaki nyundo iko juu. "Umesikia?" akanong'ona.

"Piga msumari," Oshige akasema.